Mbio za mtandaoni za kuchangia watoto wenye selimundu: tuzipange vipi?

Mwalimu wa Lanet, Nakuru

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Nakuru. Pamoja na wenzangu tunaokimbia Jumamosi asubuhi kuelekea Menengai, tumeazimia kuandaa mbio za kuchangia familia zenye watoto wanaougua selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, katika Kisumu na kaunti jirani. Hatuna uwezo wa kufunga barabara, kukodi ambulensi wala kulipia mahema, na wengi wanaotaka kushiriki wametawanyika Kakamega, Bungoma, Nairobi na hata ughaibuni. Kwa hiyo tunafikiria mbio ambazo kila mtu atakimbia mahali alipo, kwa saa inayomfaa, kisha atume uthibitisho wa umbali aliokimbia. Tungependa zikamilike tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani.

Linaloninyima usingizi ni pesa. Watu wamechangishwa mara nyingi, nao wana haki ya kuuliza mchango umeingia mfuko wa nani. Vilevile sijui tupime vipi umbali wa wasio na simu janja, wala namna ya kuwafanya watu waliotawanyika hivi wajione wako katika mbio moja. Aliyewahi kushughulika na jambo la namna hii tafadhali anielekeze.

Mweka hazina wa chama, Kakamega

Mwalimu, pongezi kwa nia hiyo. Nitazungumzia pesa tu, kwa sababu ndizo zitakazoamua kama mwaka ujao mtaitisha mbio nyingine na watu wakaitika.

Kwanza kabisa, mchango usipitie nambari ya simu ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu kiasi gani. Pesa za watoto zitachanganyika na za unga na karo, na hata asipogusa shilingi moja hataweza kuwathibitishia wachangiaji jambo hilo. Tena akaunti ya kawaida ya M-Pesa haiwezi kuwa na zaidi ya shilingi 500,000 kwa wakati mmoja. Fungueni akaunti ya benki yenye Paybill, yaani nambari ya kupokea malipo ya M-Pesa, ambayo hakuna pesa itakayotoka bila watu wawili au watatu kutia sahihi, na mmoja wao asiwe rafiki wa karibu wa wengine. Mkiwa watu kumi au zaidi mnaweza kusajili kikundi kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022. Anzieni katika ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi. Ikiwa muda hautoshi, tafuteni hospitali au shirika lililokwisha kusajiliwa lipokee mchango moja kwa moja, nalo liwape barua inayosema pesa hizo zitanunua nini na nani atatoa hesabu. Barua hiyo ipatikane kabla ya tangazo la kwanza. Hapohapo ulizeni kuhusu kibali cha kuchangisha umma, ili jambo jema lisije likakwamia mezani kwa afisa.

Ada ya kushiriki iwe ndogo, na fulana na medali zilipiwe kando na anayezitaka. Ukimtoza mtu shilingi 1,000 kisha fulana, medali na gharama ya kuzituma kwa matatu zikala 700, mtu huyo amenunua fulana; hajamchangia mtoto. Wapo watakaotaka kuahidi kiasi fulani kwa kila kilomita. Wakubalieni, lakini ahadi iwe na kikomo, kwa mfano shilingi 20 kwa kilomita na isizidi 1,000 kwa jumla, na ikusanywe kila mwisho wa juma. Ahadi inayosubiri mbio ziishe hupoa, na kumfuata mtu kwa simu kwa miezi miwili huharibu udugu.

Kila Jumapili jioni tangazeni kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki. Majina ya wachangiaji yafichwe. Herufi za kwanza na kiasi zinatosha mtu kujitambua.

Mkimbiaji wa Njoro

Mwalimu, nafikiri njia yenu ipo tayari, nayo ni reli ya zamani. Kutoka Nakuru hadi Kisumu kwa reli ni takriban kilomita 217, na njia hiyo ndiyo iliyofika ufuoni mwa ziwa Desemba 1901. Kila timu ya watu kumi iikimbie reli hiyo kwa hesabu ya pamoja: mmoja akikimbia kilomita 5 Bungoma na mwingine 3 huko Nairobi, timu imesogea kilomita 8 kutoka Nakuru. Kwa majuma matatu kila mwanatimu atahitaji kilomita saba na kidogo kwa juma, kiasi ambacho hata mama anayetembea jioni baada ya kufunga duka anakiweza. Vituo ndivyo viwe alama za safari: Njoro, Elburgon, Molo, Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Kibos, kisha Kisumu. Timu ikifika kituo fulani, andikeni ujumbe mfupi kuhusu mahali hapo. Waelezeni, kwa mfano, kwamba karibu na Mau Summit reli ilipanda zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari kabla ya kuteremka hadi ziwani, kwenye mita 1,130 hivi. Mtu aliye ughaibuni akisoma kwamba timu yake imelala Londiani na kesho inaendelea kuteremka, atatafuta viatu vyake.

Kufuatilia safari kuna nguvu kubwa. Mnamo Aprili 2020 mzee wa Uingereza aitwaye Tom Moore, aliyekuwa na miaka 99, alizunguka bustani yake mara 100 akishikilia fremu ya kutembelea, na watu wakachangia huduma za afya zaidi ya pauni milioni 30. Hakuwa na mwendo wa kujivunia. Watu walijua amefika mzunguko wa ngapi, na walijua pesa zinakwenda wapi.

Kuhusu kupima, mwenye simu janja atumie programu kama Strava na atume picha ya skrini inayoonyesha tarehe, umbali na muda. Mtu asilazimishwe kutuma ramani, hasa wanawake wanaokimbia alfajiri, kwa maana ramani huonyesha nyumba anakotoka na saa anayotoka. Asiye na simu ya namna hiyo akimbie uwanjani: mzunguko wa njia ya ndani ni mita 400, hivyo mizunguko kumi na miwili na nusu ni kilomita 5, na mwenzake atie sahihi kwenye daftari. Kijijini, endesheni pikipiki kutoka lango la shule hadi sokoni, msome mita, mpige rangi kwenye jiwe penye kila kilomita. Kijiji kizima kitatumia njia hiyo. Ikiletwa kilomita iliyo chini ya dakika 3, ulizeni kwa upole. Rekodi ya dunia ya mita 1,000 ni dakika 2 na sekunde 11.96, aliyoiweka Mkenya mwenzetu Noah Ngeny mwaka 1999, kwa hiyo lolote lililo chini ya hapo lilipanda bodaboda.

Muuguzi wa Kondele, Kisumu

Nawashukuru kwa kuwakumbuka watoto hawa, ambao mimi huwaona wodini wakiwa wamekunja magoti kifuani kwa maumivu ya mifupa. Naomba mzingatie mambo ambayo hayajatajwa.

Katika ukanda huu wa ziwa na magharibi kuna watu wengi waliorithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu. Hao kwa kawaida si wagonjwa, na wengi hawajui kuwa wanayo. Hata hivyo, wakijisukuma kupita kiasi kwenye jua kali bila maji ya kutosha, kwa nadra misuli huweza kuharibika vibaya. Kwa hiyo msitoe zawadi kwa mwenye kasi zaidi. Ruhusuni kutembea, himizeni watu kunywa maji na kuepuka jua la mchana, na anayehisi misuli inalegea au pumzi inakatika asimame papo hapo na atafute msaada. Mwenye ugonjwa wenyewe asikimbie pasipo idhini ya daktari wake. Uchovu, baridi na upungufu wa maji huweza kumletea maumivu makali.

Pesa zielekezwe kwenye mambo ya kila siku. Mtoto huyu anahitaji asidi ya foliki, kinga ya malaria, penisilini akiwa mdogo, na akiandikiwa hydroxyurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu, huinywa kila siku na kupimwa damu mara kwa mara. Dawa ya mwezi mmoja kisha kimya haimsaidii sana. Afadhali mchukue watoto wachache kwa mwaka mzima. Fikirieni pia mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali, ambao hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Familia 50 za kiwango hicho ni shilingi 180,000.

Nawasihi pia msitangaze picha ya mtoto akiwa na dripu mkononi. Habari za ugonjwa wa mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mtoto huyo kesho atakwenda shule na wenzake waliomwona.

Mwalimu wa Lanet, Nakuru

Dada Muuguzi, na ndugu zangu wote, ahsanteni sana. Zawadi ya kasi tumeiondoa, na reli tumeichukua. Kesho tunaandikia hospitali kuomba ile barua. Swali moja limebaki: mzazi mwenye mtoto mgonjwa akitaka kushiriki lakini hana hata ada, tumfanyeje?

Muuguzi wa Kondele, Kisumu

Mwandikeni bila ada, Mwalimu, na jina lake lisiwekwe kwenye orodha tofauti. Wengi wao hutembea kutoka Nyalenda au Manyatta hadi kliniki na kurudi, mtoto akiwa mgongoni. Kilomita hizo zihesabiwe kwenye timu.