Mjadala: Riwaya za vita zilizotokana na michezo ya dadu, ziwekwe maktaba za skuli au zisiwekwe?

Mwana wa Kikwajuni
Asalaam alaykum. Skuli moja hapa mjini imepokea maboksi ya vitabu vya msaada, na humo zimo riwaya za kijeshi za karne zijazo, zilizotungwa kutokana na michezo ya mezani: kila mchezaji anajivika mhusika, dadu inaamua kapona au kafa. Walimu hawaelewani. Wapo wanaosema hiyo si fasihi, ni matangazo ya biashara. Mimi nasema ziwekwe, tena kwa sababu ya huo mchezo wenyewe.

Chukueni BattleTech, mchezo wa Marekani wa 1984, ambao riwaya zake zilianza kutoka miaka miwili baadaye. Askari anaendesha mashine yenye miguu, ya tani 20 mpaka 100. Kila akifyatua, joto linapanda. Likizidi, mashine inakuwa nzito, shabaha inapotea, mwisho inazimika katikati ya mapigano, na risasi zilizobaki zinaweza kumripukia humo humo ndani. Msomaji anazijua kanuni hizi kwa ghibu, basi mwandishi hana pa kumdanganyia. Hadithia mpambano wa bao mbele ya wazee wa baraza ya Jaws Corner, Mji Mkongwe, uone kama watakuacha uongeze kete moja. Riwaya ngapi za ujasusi tumezisoma ambazo bastola haiishi risasi?

Bi Mwalimu, Wete
Mwanangu, kanuni za joto nimezikubali. Za amani ziko wapi? Tazama Warhammer 40,000, mchezo wa Uingereza tangu 1987: kampuni inayouza vile vijisanamu vya askari ndiyo hiyo hiyo inayochapisha riwaya. Vita vikimalizika, nani atanunua askari? Kwa hivyo haviishi, na mwandishi mwenye kipaji (wapo, siwanyimi haki yao) anaandika hali mlango wa suluhu keshaufunga mwenye duka. Huku Pemba wengine tumeziona bunduki za kweli barabarani. Mtoto akisoma vita, asome na siku ya pili yake.

Kijana wa Darajani
Bi, si yote yako hivyo. Kwenye Traveller, wa 1977, unarusha dadu kumtengeneza askari wako, miaka minne minne ya utumishi, na anaweza kufa kabla hata hamjaanza kucheza! Unabaki na karatasi ya marehemu mkononi. Hapo nani anatukuza vita? Na hadithi za upelelezi nazo zilidharauliwa. Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi akaufuata mtindo wa Sherlock Holmes, akatupa Bwana Msa, leo anasomeshwa vyuoni.

Msomaji tu
Porojo. Vitabu vyote ni vya Kiingereza, tena Kiingereza cha kambini. Mtoto wa kidato cha pili atafika ukurasa wa tatu? Vitakula vumbi, na nyinyi mtakuwa bado mnabishana.

Mwana wa Kikwajuni
Bi, hoja ya duka ni nzito, na kwa Warhammer sina jawabu. Ila suala lako hilo ndilo ninalotaka mwanafunzi aulize, na hawezi kuuliza kitabu kikiwa ndani ya boksi.

Msomaji tu, umegusa penyewe. Basi watoto watunge za kwao, kwa Kiswahili. Tunavyo vita vya 27 Agosti 1896, Waingereza walipolipiga mizinga kasri la Sultani hapa Unguja. Mchezo utamlazimisha mtoto ahesabu: manuwari tano za Waingereza, na upande wa kasri HHS Glasgow, meli ya Sultani, peke yake, watu kama 500 wa Khalid bin Barghash, aliyekikalia kiti cha usultani bila ya ridhaa ya Waingereza, waliouawa na kujeruhiwa, na upande wa pili baharia mmoja kajeruhiwa. Yote ndani ya muda usiofika saa moja. Mtoto akishaziandika hesabu hizo kwa mkono wake, sioni pa kubandika ushujaa wa sinema.

Bi Mwalimu, Wete
Hiyo nitaisoma. Lakini niletee kanuni kwanza. Muda waliopewa na Waingereza wasalimu amri ulikwisha saa tatu asubuhi, na mizinga ikaanza dakika chache baadaye. Wa kasrini unawapa zamu ngapi kabla ya hiyo saa tatu, na wanaruhusiwa kuteremsha bendera?