Spea orijino tu, au mbadala ruksa? Kikundi chetu cha pampu kimegawanyika

Mleta mada, fundi wa Ruaha Mbuyuni

Wakuu, salaam. Huku Ruaha Mbuyuni tunalima vitunguu kwa pampu za petroli, zile za inchi 2 na inchi 3 zinazovuta maji mtoni. Kikundi kimoja kinachomiliki pampu kwa pamoja kimeandika rasimu ya kanuni: pampu ikienda gereji ifungwe spea orijino tu, na fundi atakayefunga nyingine gharama ni zake. Wapo wanachama waliokwenda mbali zaidi, wanataka serikali izuie spea za kopi pale pale bandarini. Mimi ndiye fundi wao, na kanuni hiyo naipinga. Naileta hapa muichambue, maana kwenye kikao niliambiwa natetea tumbo langu.

Kwanza, orijino ya nani? Pampu za Honda yenyewe zinazokuja kwangu ni chache. Zilizobaki ni za Kichina, kila moja na jina lake na rangi yake, lakini ukisoma kibati cha injini mara nyingi unakuta 168F. Injini hiyo imefuata Honda GX160 karibu kila kitu: kipenyo cha silinda milimita 68, mwendo wa pistoni 45, ujazo sisi (cc) 163. Jina lililoandikwa kwenye tangi ni la mwagizaji wa mzigo. Mwakani akilibadilisha, hiyo spea "orijino" ya pampu yako utaiulizia wapi? Kanuni inanituma nikanunue kitu ambacho hakuna duka linalokiuza.

Pili, hata Honda haitengenezi kila kitu chake. Plagi ya GX160 ni BPR6ES ya NGK. Uinunue kwa wakala wa Honda au kwenye duka la plagi, ni ile ile, na ukiikosa, W20EPR-U ya Denso inakaa vizuri tu. Beringi ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ni 6205: ndani milimita 25, nje 52, unene 15. Namba hiyo ni ya dunia nzima. SKF wanaitengeneza, NTN, Koyo, NSK. Kwenye beringi nachunga mtengenezaji na herufi zilizo nyuma ya namba, mfano C3, ambayo imeachiwa nafasi zaidi kwa ndani. Boksi la kampuni ya injini linaongeza bei na halifanyi beringi izunguke vizuri zaidi.

Tatu, na hapa ndipo kikao kilipoharibika, watu wanaweka mbadala na feki kapu moja. Mbadala ina jina lake na kiwanda chake. Inaweza kuwa nzuri, inaweza kuwa takataka, lakini haikudanganyi wewe ni nani aliyeitengeneza. Feki imeandikwa jina la mtu mwingine. Ukizuia zote mbili, injini za 168F zilizojaa nchi hii zitalala, na anayeuza feki ataendelea kuuza, maana yeye sheria alikwisha kuivunja tangu mwanzo.

Mimi nataka kanuni itaje spea moja moja. Konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), pistoni na ringi zake, vali: hapo sibishani, iwe ya Honda, hata ndani ya injini ya Kichina, kama vipimo vinakubali. Konrodi ya injini hizi ni ya aluminiamu na inazunguka moja kwa moja kwenye krenki, haina beringi katikati. Ikiwa ya chuma dhaifu itakatika, itatoboa bloku, na pampu nzima inakuwa chuma chakavu. Kamba ya kuwashia, koki ya mafuta, tangi, kifuniko cha chujio: chochote kinachokaa. Kabureta nafunga ya Kichina bila aibu. Ikizingua inakaguliwa na kubadilishwa mapema, na inapokufa mara nyingi haiui kitu kingine.

Karibuni.

Mwenye boti, Mafia

Ndugu fundi, hesabu zako ni za nchi kavu. Pampu ikizima mtoni, mkulima anarudi nyumbani kwa miguu. Mimi nina Yamaha Enduro ya hosi-pawa 40, na nikipita mkondo wa Mafia kwenda Nyamisati ninabeba watu. Injini ikizima katikati wakati kusi inavuma, hakuna cha "inakaguliwa na kubadilishwa mapema".

Nikupe mfano wa kitu kidogo: impela ya maji. Ni kipande cha mpira chenye mapezi, kinakaa chini karibu na giaboksi, kinapandisha maji ya bahari kupoza injini. Sisi tunaangalia injini inakojoa vipi, yaani maji yanavyoruka nje. Mkojo ukipungua, impela imechoka au njia imeziba. Ile ya bei rahisi niliyowahi kufungiwa ilikaa sawa sawa, ilikojoa vizuri wiki za mwanzo, halafu mapezi yakakakamaa na kubaki yamelala upande mmoja. Kwa macho dukani huwezi kuijua. Mpira hauandikwi ugumu wake kama beringi inavyoandikwa namba.

Kwa hiyo kikundi chako kikisema orijino tu, nawaelewa. Kanuni fupi inafuatwa. Kanuni yenye orodha ya spea kumi na mbili itasomwa na wewe fundi peke yako.

Muuza spea, Gerezani

Wakuu, na mimi nisikilizwe, maana huku Kariakoo ndiko mnakotuma watu.

Mteja akifika haulizi orijino wala mbadala. Anauliza bei. Nikimwekea pistoni mbili mezani, akisikia bei ya ile ya kwanza anaishika ya pili. Akirudi kijijini anasema nilimuuzia feki. Sikumuuzia feki, nilimuuzia alichochagua.

Feki zipo, sikatai, na zimeboreshwa: boksi lina hologramu, karatasi ya ndani ina Kijapani. Lakini sheria ipo miaka mingi. Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya 1963, na wanaoisimamia ni FCC, Tume ya Ushindani. Wakija dukani wanabeba mzigo na wewe unabaki na kesi. Sheria hiyo inamshika anayetumia alama ya mwenzake. Mwenye alama yake mwenyewe anayetengeneza spea ya kukaa kwenye GX160 haimgusi, na ni sawa isimguse. Sasa mkisema serikali izuie "kopi", mnataka mtu wa forodha afanye nini? Afungue kontena, ashike gasketi, aseme hii inafanana mno na ya Honda? Gasketi isipofanana haitakaa!

Nimuongezee fundi jambo moja. Kosa ninaloliona kila wakati ni mtu kuja na kauli ya "nipe pistoni ya 68". GX160 ni 68, GX200, injini nyingine ya Honda, nayo ni 68. Mwendo wa moja ni 45, wa nyingine 54, na pistoni zake hazibadilishani. Halafu kuna za Kichina zilizoandikwa 170F, nyingine 68, nyingine 70. Hapo hata orijino ya bei mbaya itakuumiza. Njooni na spea ya zamani mkononi.

Mama Saluni, Mbeya

Nimewasoma wote. Mimi si fundi, nina jenereta ndogo ya saluni kwa ajili ya siku umeme ukikatika. Mnabishana chuma, wakati sisi wenye mashine tunalia na kitu kingine.

Fundi akiniambia "mama, hii inataka orijino", nalipa. Akifunga, kifuniko kinarudi, bolti zinakazwa, mimi nitajuaje kilichomo? Niliwahi kulipia kabureta orijino, nikapewa karatasi ya daftari isiyo na jina la duka wala namba ya spea. Jenereta ikawa inapanda na kushuka yenyewe, kama inakohoa. Fundi wa pili alipoifungua akacheka. Na tusidanganyane, wote tunajua fundi akipeleka mteja dukani kuna kitu kidogo anaachiwa. Anayechagua spea na anayefaidika na spea ni mtu huyo huyo.

Sasa kaka yangu wa Ruaha Mbuyuni, kanuni ya "orijino tu" kwako ni ujinga wa watu wasiojua injini. Kwangu mimi ni kitasa. Wamechoka kukuamini kwa macho, hawana njia nyingine ya kukubana. Ukiwaletea orodha yako nzuri ya konrodi iwe hivi na kabureta iwe vile, bado ni wewe utakayewaambia kilichofungwa ni kipi.

Mdau wa Mwea, Kenya

Mama Saluni amegonga ndipo. Huku Mwea tunalima mpunga na nyanya na pampu ni hizo hizo. Sisi tuna sheria ya bidhaa bandia ya 2008 na mamlaka yake kamili, na bado feki utazipata sokoni. Kwa hivyo wanaosema serikali ifunge bandari wangoje kidogo.

Kuna suala la waranti ambalo hamjalitaja. Wauzaji wengine hukutisha kwamba ukiweka kipuri kisicho chao, waranti imekufa. Marekani wana sheria tangu 1975 inayomkataza mwenye kampuni kufunga waranti kwa kipuri cha jina lake, labda akupe hicho kipuri bure. Ni juu yake kuonyesha kwamba kipuri cha nje ndicho kilichoharibu. Hapa kwetu soma karatasi kabla hujalipa.

Lakini fundi, kuna pahali nakupinga. Umesema kifuniko cha chujio ni chochote. Kifuniko kisichobana kinaingiza vumbi pembeni ya sponji, na vumbi likichanganyika na oili linasaga hizo ringi zako za Honda. Utalipia konrodi ya bei kali halafu uiue na kifuniko cha bei ya soda?

Mleta mada, fundi wa Ruaha Mbuyuni

Asanteni. Nijibu kwa ufupi nikiweza.

Mdau wa Mwea, kifuniko napima kwa kukifunga juu ya grisi. Naipaka kidogo ukingoni, nafunga, nafungua. Pasipoguswa na grisi pana mwanya, kifuniko kinarudi dukani. Sponji nalowesha oili na kuikamua. Sijali nani alikitengeneza ilimradi kinabana. Msimamo wangu haujahama.

Mwenye boti, kwa impela nakubaliana nawe moja kwa moja, na nitaiongeza: mpira wowote unaoshika uhai wa watu uwe wa kampuni iliyotengeneza injini. Ila naomba uwaambie na wenzako wa baharini kwamba impela orijino iliyokaa rafu miaka kwenye joto nayo inakakamaa. Boksi halizuii mpira kuzeeka.

Sasa Mama Saluni. Hoja yako ndiyo iliyonifanya nirudi kwenye rasimu, maana kikao hakikuisema hivyo, kilisema tu "fundi mwizi". Kamisheni ipo, siwezi kubisha mbele ya muuza spea. Lakini neno "orijino" halikulindi, kwa sababu ndilo neno linalotumika kukuibia. Kinachokulinda ni vitu unavyoweza kuvishika na kuvipima mbele ya fundi, na vipo.

Plagi: ile R katikati ya BPR6ES maana yake ina rezista ndani. Chukua mita ya umeme, gusa kichwani na kwenye ncha ya katikati. Inatakiwa isome karibu kiloomu 5. Ikisoma sifuri, umepewa kitu kingine kilichoandikwa R.

Ringi: kabla ya kufunga, itumbukize ringi peke yake ndani ya silinda, isukume chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa bila kulala upande. Kisha ingiza fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, kati ya ncha mbili za ringi. Kitabu cha GX160 kinasema ukifika milimita 1 ringi ni ya kutupa. Nimekutana na ringi mpya kabisa, boksi linang'aa, zilizokuwa na mwanya wa kukaribia huo. Na mwanya ukikosekana kabisa ni hatari zaidi: joto likipanda ncha zinagongana, silinda inakwaruzika. Kipimo hiki mwenye pampu anaweza kukiona kwa macho yake, hahitaji kuwa fundi.

Basi rasimu niliyoipeleka upya kwa mwenyekiti inasema hivi: mwanachama aende dukani na fundi au badala ya fundi, risiti iandikwe jina la duka na namba ya spea, spea ya zamani na boksi la mpya virudi kwa katibu, konrodi, pistoni, ringi na vali ziwe za Honda pale vipimo vinapolingana, na visipolingana fundi aseme kabla ya kufunga, ringi ipimwe mbele ya mwanachama. Kamisheni nimeandika isiwepo, na badala yake ufundi upande bei kidogo. Hicho cha mwisho ndicho kimezua kelele kuliko vyote, na kura bado haijapigwa.

Mama Saluni, Mbeya

Ufundi upande kwa kiasi gani? Andika namba, kaka. Mkisema "kidogo" nawajua.

Muuza spea, Gerezani

Risiti yenye namba ya spea nitaandika, hata leo. Ila nami niwekewe kifungu changu: konrodi iliyokwisha kufungwa bolti isirudishwe kwangu eti haikutosha.