Mteja wa Ujerumani anataka hela yake, mkoba hauna kosa. Nifanyeje?

Bi_Sindano: Wakuu, naomba ushauri, usingizi umekata. Nauza mikoba ya ngozi mtandaoni. Ukurasa wangu una Kijerumani na bei za yuro. Mteja mmoja kapokea mkoba wake, siku ya kumi anaandika kwamba anaurudisha na anataka hela yote. Mkoba mzima, rangi ni ileile ya pichani. Eti kabadili mawazo. Kweli mtu abadili mawazo yake, hasara nile mimi? Matusi hapana tafadhali.

KobeMzee: Pole sana. Mimi niliacha kutuma mizigo nje. Viatu vilinirudia soli imelika, mtu kachezea harusi nzima! Fungasha kwa boksi gumu na upige picha kabla ya kutuma.

Wakili_wa_Mezani: Sheria ya haki za walaji ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 inampa siku 14 tangu mzigo umfikie, na sababu hadaiwi. Dukani mtu anaushika mkoba, anafungua zipu, anaunusa. Kwako kaona picha tu. Na ukiwalenga wateja wa kule, kukaa kwako mbali hakukuondolei wajibu. Je, ukurasa wako ulimweleza haki hiyo kabla hajalipa?

Bi_Sindano: Ukurasa umejieleza vizuri mkuu. Mimi nauliza kama huo ni uungwana.

MamaTwiga: Mwanangu, riziki ya ujanja haikai. Mrudishie mtu hela yake ulale.

Nyuki_Mkali: Mimi niliingia "jaribu bure siku 7". Kujiunga kubofya mara moja, kujitoa mpaka upige simu saa za kazi, na simu haipokelewi. Walinikata miezi minne. Wauzaji wa mtandaoni sina huruma nao.

Wakili_wa_Mezani: Bi Sindano, hujanijibu. Imeandikwa au haijaandikwa?

Bi_Sindano: Haijaandikwa. Na kuna jingine. Juu ya ukurasa kuna saa: "ofa inaisha baada ya dakika 15". Ukifungua upya, inaanza upya. Mteja kaipiga picha mara tatu, anasema anapeleka kwa mamlaka. Ila fundi wa ukurasa alisema bila saa watu hawanunui, na kila mtu anaiweka. Mteja nimeshambloku.

Wakili_wa_Mezani: Ungelisema hili mwanzo. Usipomjulisha haki yake, zile siku 14 zinaongezewa miezi 12. Saa ya uongo imo kwenye orodha ya mbinu zilizopigwa marufuku moja kwa moja tangu sheria yao ya 2005, kwa sababu inamnyima mtu nafasi ya kufikiri. Na yale maoni ya nyota tano kwenye ukurasa wako ni ya nani?

Bi_Sindano: Maoni matano ni ya wadogo zangu. Lakini mikoba wanaitumia kweli!

Wakili_wa_Mezani: Wameandika kwamba ni ndugu zako? Maoni ya kupanga kule yamekatazwa waziwazi tangu Mei 2022, na Marekani wana kanuni yao tangu Oktoba 2024.

Jicho_la_Tatu: Wakuu, hii chai. Mwanzo siku ya kumi, kumbe kuna muda wa kuzozana, kupigana picha na kublokiana? Huyu ndiye mteja mwenyewe, anatafuta hoja za kumbana muuzaji.

KobeMzee: Hata mimi nimeshtuka. Muuzaji gani anaanika aibu zake hivi?

MamaTwiga: Hata kama ni mteja, kosa si la muuzaji vilevile?

Bi_Sindano: Si chai. Alilipa wiki tatu zilizopita, mzigo ukachelewa njiani, tukaanza kuzozana hata haujafika. Siku ya kumi nahesabu tangu aupokee. Anayeweza kutunga hili la wadogo zangu ni nani?

Jicho_la_Tatu: Sawa, hesabu inakaa. Samahani.

Bi_Sindano: Nimemfungulia, na fundi nimemwambia aitoe saa leo. Maoni ya wadogo zangu bado nayafikiria. Gharama ya kurudisha mkoba ni yake au yangu?

Wakili_wa_Mezani: Ni yake, kama ulimwambia kabla ya kununua kwamba ataibeba yeye. Bei na nauli ya kawaida ya kumpelekea unamrudishia wewe ndani ya siku 14 tangu akujulishe, ila unaweza kusubiri mkoba ufike au akuonyeshe risiti ya kuutuma.

Bi_Sindano: Sikumwambia.

Wakili_wa_Mezani: Basi ni yako.