Wajukuu saba na mgongo wa Kukhu

Kikundi: NYUMBANI MUMIAS 🌽

*Jumatano jioni*

Mama Tasha (Nairobi): Mulembe watu wetu. Shule zinafunga wiki ijayo na mimi na Baba Tasha hakuna mwenye likizo, kwa hivyo Tasha na Ethan wanakuja ushago wiki tatu hivi. Nimeshapigia nyanya yao Kukhu amesema sawa

Baba Junior (Nakuru): Vizuri sana. Hata mimi nilikuwa nataka kuleta wangu watatu. Junior amekuwa mtu wa simu, akiamka ni katuni akila ni katuni, juzi nimemwonyesha picha ya ng'ombe wetu akaniuliza anaitwa nani kwa hiyo katuni

Mama Tasha: 😂😂😂 wacha

Anti Beti (Kisumu): Kumbe ni msafara. Wangu wawili pia nilikuwa nimewapanga huko, na mimi sikuambia mtu

Mama Tasha: Hiyo ni saba!

Baba Junior: Si wataangaliana. Sisi tulikuwa tisa kwa ile nyumba ya nyasi ukihesabu na wale wa marehemu shangazi na hakuna aliyepotea

Anti Beti: Wewe karibu upotee. Umesahau ukivuta miwa nyuma ya trekta ukaanguka barabarani na kovu uko nalo hadi leo

Baba Junior: Hilo kovu ni la vita vya miwa, niheshimu

Mama Tasha: Tasha asikie hiyo hadithi na hatavuka hata geti. Brayo tafadhali watoto wasikaribie barabara trekta za miwa zikipita

Brayo (nyumbani): Sawa anti

Mama Tasha: Sasa njia. Ethan anatapika. Akifika Nakuru yuko sawa, shida ni kutoka Mau Summit kushuka Kericho, zile kona na ule ubaridi wa majani chai. Mwaka jana nilikuwa na nguo moja tu ya kubadilisha, akatapika mara tatu, akafika kwa Kukhu amevaa sweta ya mimi

Baba Junior: Karatasi za plastiki zilipigwa marufuku 2017 na hiyo ndiyo siku wazazi wa watoto wa kutapika walikosa mtetezi bungeni. Beba ule mkebe wa mafuta ya kupikia wenye kifuniko. Funika, ukifika mahali pa kusimama unamwaga na kuosha. Mke wangu hasafiri bila huo mkebe. Na usimpe maziwa asubuhi, mpe mkate mkavu na chai kidogo, mkae mbele karibu na dereva aone barabara. Mkichoka laleni kwetu Nakuru, kutoka Nairobi ni kilomita 160 hivi, watoto wanyooshe miguu kesho yake muendelee

Mama Tasha: Asante. Kitu kingine ni choo jamani. Ethan anaogopa choo cha shimo. Mara ya mwisho alizuia haja kubwa siku tatu, tumbo likawa kama ngoma. Anasema kuna mtu huko chini

Baba Junior: Hata mimi nilijua kuna mtu huko chini mpaka darasa la nne

Anti Beti: Msimcheke. Shimo ni pana kwa mguu wa mtoto wa miaka mitatu, anaona kweli ataingia. Bebeni poti. Na usiku asitoke nje na giza, poti ikae chumbani.

Sasa nisikilizeni mambo ya malaria kwa sababu mwaka jana tulipona kwa bahati tu. Watoto wa Nairobi hawana kinga kama hawa wetu wa huku. Na chanjo ya malaria huku ilianza 2019, ni ya watoto wadogo wa huku, dozi ya kwanza miezi sita, wenu hawakuipata. Kwa hivyo kila mtoto neti yake, ifungiwe chini ya godoro yote, si kuning'inia kama pazia la harusi. Saa kumi na mbili jioni wako ndani au wamevaa mikono mirefu.

Mama Tasha: Dada hapo umegusa kidonda. Mnakumbuka Ethan aliporudi Nairobi alikaa vizuri wiki nzima ndio homa ikaanza, nikampeleka kliniki moja hapa mtaani nikaambiwa ni mafua, dawa ya kikohozi, siku ya pili tena mafua, siku ya tatu mimi mwenyewe nikasema lakini huyu ametoka Mumias, daktari akainua kichwa kama mtu ameamshwa. Kupima, malaria

Anti Beti: Ndiyo hiyo. Mbu akimng'ata leo malaria haionekani kesho. Ni siku saba, kumi, hata wiki mbili na zaidi. Unakuwa umesharudi, umesahau. Mtoto akipata homa mwezi wote baada ya kurudi, maneno ya kwanza mkifika kwa daktari ni "tumetoka Western, mpime malaria." Kabla hata hujaambiwa ukae. Na msimnunulie dawa za malaria dukani kwa kubahatisha, apimwe kwanza. Nyumbani pale kuna yule mhudumu wa afya wa kijiji, ana vipimo, Brayo anamjua

Brayo: Ndio, anaishi karibu na kisima

Mama Tasha: Nimeandika yote. Brayo wewe mbona unajibu neno moja moja leo, uko sawa?

Brayo: Niko sawa anti

Brayo: Anti na anko samahani naingilia mambo ya wakubwa lakini wacha niseme tu. Kukhu hawezi kuwaambia hapana, hata mkimpigia saa hii atasema walete, walete. Desemba mlileta watano. Mlipoondoka alilala siku nne. Alikuwa anashika ukuta akienda jikoni na akaniambia nikiwaambia nitamjua yeye ni nani. Maji mimi natoa kisimani kabla niende kazi, hiyo si shida, lakini kuinama kwa beseni kuogesha mtoto mmoja mmoja ni yeye, kufua ni yeye, usiku mtoto akilia ni yeye anaamka na tochi. Na sasa mvua inanyesha kila saa tisa kuni zimelowa, anapuliza moto mpaka macho yanakuwa mekundu. Mahindi pia yamevunwa juzi yako kwa veranda yanangoja kupukuchuliwa. Saba ni wengi. Sijasema wasikuje

*Alhamisi asubuhi*

Baba Junior: Nimesoma hiyo ya Brayo jana nikazima simu nikalala nayo

Mama Tasha: Brayo mbona hukuniambia Desemba jameni

Anti Beti: Alisema. Aliniambia mimi Januari. Nikajiambia nitaongea na nyinyi, halafu kazi, halafu nikanyamaza kwa sababu wangu wawili ndio walikaa huko siku nyingi zaidi kuliko wote. Nisameheni, na Kukhu pia nitamwomba

Baba Junior: Hakuna wa kurusha jiwe hapa. Mimi mwaka jana nilituma watoto na mfuko wa sukari kilo mbili nikaona nimefanya mambo makubwa

Mama Tasha: Basi wangu wabaki, nitatafuta mtu hapa Nairobi

Anti Beti: Usifanye hivyo, atajua kuna kitu na Brayo ndiye ataumia. Yule msichana wa jirani aliyemaliza kidato cha nne yuko nyumbani tu, mamake ameniuliza kazi mara mbili. Aje asubuhi aondoke jioni. Tumlipe sisi watatu, na tumlipe vizuri, si zile za "utakula hapa." Na watoto wasikuje wote mara moja, waje kwa zamu

Baba Junior: Mimi natuma pesa ya mtungi wa gesi na jiko la vichomeo viwili leo leo. Brayo ununue Mumias mjini ubebe na bodaboda, usisahau mpira na regyuleta

Brayo: Kukhu anasema chai ya gesi haina ladha

Baba Junior: Chai apike kwa kuni, maji ya kuoga watoto yachemke kwa gesi

Brayo: Ngoja. Ameshika simu. Amesikia nikisoma

Brayo: 🎤 (dakika 2:14)

Anti Beti: Niko kazini wodini siwezi kusikiliza, mtu aandike amesema nini

Mama Tasha: Mwanzo wote ni kumtukana Brayo 😂 Halafu anasema hajawahi kumwambia mtu mgongo ni wake au ni wa nani. Halafu anauliza kama tumemfanya kikao kama maiti. Halafu msichana aje, huyo anamjua, ana mikono safi. Zamu hataki. Anataka wote saba Jumamosi ya kwanza, walale pale Jumamosi na Jumapili awaone pamoja, achinje majogoo mawili, ndio wagawanywe, na sisi wazazi tuwe hapo. Amesema "na nyinyi," mara mbili

Baba Junior: Kwa hivyo mahindi tunapukuchua sisi

Mama Tasha: Umeelewa haraka

*Jumamosi, wiki iliyofuata*

Mama Tasha: Tumepita Khayega. Mkebe umefanya kazi mara moja tu. Tasha ameona lile jiwe la Ilesi, lile "linalolia", anauliza linalilia nini, babake anasema linalilia bei ya mafuta

Anti Beti: Sisi tuko hapa tangu asubuhi. Kuja uone babu wa watoto, Kuka, alichofanya. Alisikia mambo ya Ethan na choo, hakusema kitu, akaenda kwa stoo. Amekata ubao wa mvule, katikati ametoboa shimo la kadiri ya bakuli, amelisugua na msasa mpaka limekuwa laini kama kijiko cha mbao, amepigilia miguu minne mifupi. Kinakaa juu ya lile shimo kubwa hakitingishiki. Pembeni ameweka kamba mtoto ashikilie

Mama Tasha: Kuka???

Anti Beti: Amekijaribu kwa kukalia na suruali yake. Watoto walianguka kwa kicheko

*Jumanne*

Mama Tasha: Brayo habari za huko, wamelalaje? Ethan amekula? Neti ilifungwa? Nimepiga simu mara tatu haishikwi

Brayo: Wako sawa anti. Msichana anawaogesha. Kukhu ameketi anasema niandike hivi: Ethan ameenda choo mwenyewe mara mbili, mtu wa huko chini alihama. Na usimpigie Kukhu tena mpaka jioni, ako kwa mahindi, yale mliacha hamjamaliza