Ushauri: Nimeingizwa kamati ya kumpata mfanyakazi hodari wa Mei Mosi, idara zimeshaanza kugawanyika

Sista wa Zamu (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni muuguzi katika hospitali ya wilaya, mkoa nauhifadhi. Mwaka huu wenzangu wa wodi ya wazazi wamenipendekeza niingie kwenye kamati ya kumpata mfanyakazi hodari wa taasisi yetu kwa ajili ya Mei Mosi. Nimekubali kwa moyo wote, kwa sababu jambo hili nalithamini. Humu kazini kuna watu wanaostahili kuitwa mbele ya mkuu wa wilaya wakapigiwa makofi, na hawajawahi kutajwa hata siku moja.

Kikao cha kwanza tu tumetoka na makundi matatu. Kundi la kwanza linataka tupeane zamu: mwaka jana ilikuwa maabara, mwaka huu iwe famasi, mwakani wazazi, ili pasiwepo wa kununa. La pili linataka kura ya siri ya watumishi wote. La tatu linasema tusihangaike, tuchukue alama za PEPMIS, ule mfumo wa kompyuta wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, aliye juu ndiye huyo huyo.

Mimi kila njia naiona ina walakini. Kwa zamu, mtu anapata kwa sababu idara yake imefikiwa, hata kama mwaka mzima alikuwa anakimbia kazi. Kwa kura, sisi wauguzi ndio wengi hospitalini, tutashinda kila mwaka, na yule kaka wa mochwari anayefanya kazi karibu peke yake hatapata mpaka anastaafu. Kwa mfumo, anayepata alama ni yule mwenye muda wa kukaa kwenye kompyuta na kujaza majukumu yake vizuri, wakati mwenzake ameshika mama anayetokwa na damu.

Halafu kuna hili la pili linaloniumiza zaidi. Aliyechaguliwa mwaka jana alipewa cheti uwanjani na akatangaziwa fedha mbele ya umati. Cheti anacho, fedha mpaka leo hajaiona. Sasa watu wananiuliza: mnamchagua mtu aende kupewa karatasi?

Naombeni mwongozo kwa mliowahi kulisimamia jambo hili. Tumpateje mtu ambaye hata asiyempenda atakubali kwamba anastahili? Na hili deni la mwaka jana tuanze nalo wapi?

---

Mwalimu wa Hesabu

Dada pole na majukumu. Mimi nitasema kinyume na wengi: ifuteni hiyo tuzo. Kumbuka Januari 2023, NECTA, yaani Baraza la Mitihani, walipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022 waliacha kabisa ule utaratibu wa kutaja wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba wanafunzi hawasomi katika mazingira yanayofanana, kwa hiyo kuwapanga wa kwanza na wa pili hakuna tija. Sisi tunaofundisha shule za kata tulishukuru. Mtoto anayetembea kilomita nane akapata daraja la pili ana kazi kubwa mgongoni kuliko wa bweni aliyepata la kwanza.

Na kwenu ni hivyo hivyo. Mtu wa famasi na mtu wa wazazi unawapima kwa mizani gani moja?

---

Mtoto wa Dobi

Mwalimu, naheshimu hoja yako, ila naomba nikupinge kwa yaliyotokea nyumbani kwetu.

Mama yangu alikuwa dobi wa hospitali. Shuka za wodini, mashuka ya chumba cha upasuaji, yote yalipita mikononi mwake, na mashine ikiharibika alifua kwa mikono. Mwaka mmoja wakamtangaza mfanyakazi hodari wa hospitali. Alipewa cheti, blanketi na bahasha ambayo haikuwa nzito. Lakini daktari mfawidhi aliposimama kueleza sababu, alisema kwamba mwaka ule hakuna upasuaji ulioahirishwa kwa kukosa mashuka safi. Mama hakuwa anajua kama kuna mtu anaihesabu kazi yake kwa namna hiyo. Cheti kile kiko sebuleni mpaka leo, kwenye fremu, juu ya picha ya harusi.

Mwanafunzi hata asipotajwa kwenye kumi bora, matokeo yake yatatoka na kila mtu atayaona. Dobi asipotajwa, kazi yake haina matokeo yanayobandikwa ukutani. Hiyo ndiyo tofauti. Dada usiifute, ila hakikisheni mnasema SABABU hadharani. Sababu ile ndiyo mama aliyokuwa anaisimulia, bahasha hakuwahi kuitaja.

---

Kiwandani Chang'ombe

Sisi huku sekta binafsi tuna mfanyakazi bora wa kila mwezi, picha inabandikwa karibu na geti. Waliweka kigezo kimoja tu: idadi ya katoni zako kwa zamu. Miezi michache watu wakaacha kuwafundisha wageni, maana ukimfundisha mgeni katoni zako zinapungua. Mashine ikitoa mlio mbaya mtu anaendelea nayo ili asipoteze muda wa kumwita fundi. Uongozi ulipogundua ukaongeza kigezo cha usalama na cha kusaidia wenzako, hali ikatulia.

Kwa hiyo sista, mtakachokipima ndicho watu watakachokifanya. Kuwa makini.

---

Mzee wa Faili

Marahaba binti yangu. Nimestaafu nikiwa afisa utumishi, na kamati za namna hii nimezikalia miaka mingi. Nitakwenda taratibu.

Kwanza tofautisha kupendekeza na kuamua. Kupendekeza waachie idara, kwa sababu wao ndio wanaoishi na mtu. Lakini msipokee jina tupu. Idara ikileta jina ilete na karatasi moja inayoeleza tukio au kazi mahususi, lini ilifanyika, nani alishuhudia, na ilimsaidia nani. "Ni mchapakazi, anajituma, anawahi kazini" msiipokee, kwa maana kuwahi kazini ndiyo ajira yenyewe. Nilikuwa narudisha mapendekezo ya namna hiyo na wakuu wa idara walinikasirikia mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili wakaanza kuweka kumbukumbu tangu Januari, na hapo ndipo tukaanza kuona watu ambao hatukuwa tunawajua.

Pili, idara ndogo ziunganisheni. Mochwari, dobi, jikoni, walinzi, madereva na masjala wawe kundi moja lenye nguvu sawa na wodi kubwa. Wakileta jina lao liingie mezani kwa uzito ule ule. Hilo linamaliza tatizo la wingi wa wauguzi bila kuingia kwenye kupeana zamu.

Tatu, mjumbe wa kamati asiwe mgombea, na jina la idara yake likifika asilitolee alama. Wewe binti, akija wa wazazi, nyamaza. Utaeleza ukiulizwa, basi.

PEPMIS msiitupe. Itumieni kama kizingiti. Mtu ambaye hata majukumu yake hajayajaza, au ana shauri la nidhamu ambalo halijaisha, asipite. Lakini akishavuka kizingiti, tofauti ya alama moja mbili isimfanye yeyote kuwa hodari zaidi. Alama ile ameitoa msimamizi wake, na wasimamizi hawafanani mkono: yupo anayempa kila mtu kubwa, yupo ambaye kwake hakuna aliyewahi kuzipata. Ndivyo ilivyokuwa hata enzi za OPRAS, mfumo wa upimaji uliotangulia PEPMIS.

Kuhusu kupeana zamu sina maneno mengi. Tuzo ya zamu ni posho, na wote mnajua.

Vigezo vibandikwe ubao wa matangazo kabla ya majina kuanza kuletwa. Vikibandikwa baada ya majina, kila mtu atasema mmemshonea mtu wenu.

---

Katibu Tawi

Naongezea kwa upande wa chama. Mimi ni katibu wa tawi la TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, mahali pengine, siyo kwenu.

Tuzo hii msiifanye ya kamati peke yake. Utaratibu wenu ukishaandikwa upelekeni Baraza la Wafanyakazi ukajadiliwe na kuingia kwenye muhtasari. Mabaraza haya hayakuanza jana. Yalianzishwa kwa Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970, na kazi yake ni kuwakutanisha mwajiri na watumishi kwa mambo kama haya. Utaratibu uliopita barazani hauondoki na mganga mfawidhi akihamishwa.

Suala la fedha ndipo wengi wanapoangukia. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai. Mei Mosi inakuja mwishoni, vifungu vingi vimeshakauka. Kama zawadi haikuwekwa kwenye bajeti tangu mwanzo, inakuwa ahadi ya jukwaani tu. Mtu anatangaza kiasi kwa sababu kipaza sauti kiko mkononi, halafu mhasibu hana kifungu cha kulipia. Sharti letu tawini ni hili: kiasi kisitangazwe mpaka mhasibu athibitishe kwa maandishi kwamba kipo. Bora mtangaze laki mbili mkazitoa siku hiyo hiyo kuliko milioni isiyofika.

Na jingine niliseme kwa uwazi. Tuzo isitumike kuziba mdomo wa watumishi. Mei Mosi ya 2025 pale Singida, watu walichokuwa wanakisubiri ni mshahara, na Rais Samia alipotangaza nyongeza ya asilimia 35.1, kima cha chini kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, uwanja ulilipuka. Heshima ya mfanyakazi inaanza na stahiki zake: malipo ya likizo, madaraja, posho za zamu za usiku. Hospitali inayodaiwa malimbikizo na watumishi wake ikagawa vyeti, vyeti hivyo vitapokelewa kwa uchungu.

---

Mkenya wa Isiolo

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Nami ni nurse, natokea huku kaskazini mwa Kenya, na nimeguswa na hii stori.

Mwaka wa 2022 muuguzi mwenzetu Anna Qabale Duba wa Marsabit alishinda tuzo ya wauguzi ya Aster Guardians kule Dubai, dola 250,000, kati ya zaidi ya wauguzi 24,000 walioomba. Hakuwa anatoka hospitali kubwa ya Nairobi. Waliangalia kazi inayoonekana: shule aliyojenga kijijini kwao, watoto wakisoma asubuhi na mama zao wakijifunza kusoma baadaye, na vile amepigana na ukeketaji na ndoa za mapema.

Hiyo karatasi ya ushahidi anayosema Mzee hapo juu ni muhimu sana. Wengi wetu huku tunafanya kazi kubwa lakini hatuiandiki. Mtu wa Marsabit angekaa kimya, nani Dubai angejua? Msaidieni huyo wa mochwari kuandika yake kama yeye si mtu wa kalamu.

---

Sista wa Zamu

Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Mtoto wa Dobi, nimesoma ya mama yako mara mbili.

Naomba niulize jambo moja ambalo halijaguswa. Wafanya usafi wetu wengi si waajiriwa wa hospitali, wako chini ya kampuni yenye mkataba. Yupo dada mmoja wa leba, usiku akisikia kengele anafika na ndoo kabla sijamwita. Mjumbe mmoja amesema kikaoni huyo hahusiki, si mtumishi wetu. Kisheria naona mjumbe yuko sahihi, ila roho yangu inakataa.

---

Katibu Tawi

Kwenye tuzo ya mtumishi wa taasisi kweli hahusiki, kwa sababu mwajiri wake ni kampuni. Ila hakuna kinachozuia hospitali kumwandikia barua ya kutambua mchango wake, ikasainiwa na mganga mfawidhi na kusomwa siku hiyo hiyo. Nakala iende kwa mwajiri wake na nyingine abaki nayo. Mkataba wa kampuni ukiisha ikaja nyingine, barua hiyo ndiyo itakayomwombea kazi. Kwa mtu wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko fedha.

---

Mwalimu wa Hesabu

Nimesoma yote. Bado naamini kumpata mmoja wa kwanza ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani, lakini la mama dobi limenigusa. Kama mtasema sababu hadharani na karatasi zipo, basi hata walioshindwa zisomwe zao, sentensi mbili mbili. Wale wote walioletwa na idara wasikike.

---

Sista wa Zamu

Hilo la Mwalimu nalichukua. Ninachokipeleka kikaoni ni hiki: vigezo vibandikwe kwanza, idara zilete karatasi yenye tukio na shahidi, idara ndogo ziunganishwe, mfumo uwe kizingiti, mjumbe anyamaze jina la idara yake likifika, na karatasi za wote zisomwe. Yule dada wa usafi naanza kumwandikia leo usiku. Nitapingwa na wale wa zamu, najua, ila sasa nina cha kusimamia.

Lililobaki ni la mwenzetu wa mwaka jana. Anaogopa akidai ataonekana ana njaa.

---

Mzee wa Faili

Asidai kwa mdomo na asisubiri kikao chenu. Aandike barua kwa mganga mfawidhi kupitia kwa mkuu wake wa idara, lugha ya heshima, kichwa cha barua kiwe "kukumbushia zawadi ya mfanyakazi hodari". Ataje tarehe na kiasi kilichotangazwa, aambatishe nakala ya cheti, nakala ya barua iende kwa katibu wa tawi. Aipeleke masjala mwenyewe na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Bajeti ya mwaka ujao bado inajadiliwa. Deni lenye muhuri linaweza kuingizwa humo, lisilo na maandishi mhasibu hawezi kulifanyia lolote hata akitaka. Na wewe binti, kabla ya kutangaza jina la mwaka huu, omba kamati ipate jibu la barua hiyo.