Kikundi: Nyumba ya Bibi, Mkunazini, Zanzibar

Nassor: Asalaam alaykum nyote. Jumamosi nnaanza kazi juu. Nnavunja ukuta wa kati, vyumba viwili viwe kimoja, halafu tunamwaga zege. Saruji mifuko 20 ishafika. Nafanya mwenyewe na rafiki zangu, fundi wa nini.

Shangazi Zuwena: Waalaykum salaam mwanangu. Kibali unacho?

Nassor: Kibali shangazi? Si nyumba yetu wenyewe?

Shangazi Zuwena: Yetu, lakini imo Mji Mkongwe. Huku hata dirisha hulibadilishi mpaka Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iridhie. Mamlaka ile ipo tangu 1985, mie bado niko skuli. Na tangu 2000 mji wote umo katika urithi wa dunia wa UNESCO.

Ami Suleiman (Muscat): Nassor, ukuta huo ndio uliobeba boriti. Hujajiuliza kwa nini vyumba vyote vya bibi ni vyembamba? Boriti ya mkoko haifiki mbali, mita 3 hivi basi. Ukishavunja, vichwa vya boriti vitakaa juu ya nini?

Nassor: Nitatia nguzo ya zege, ami.

Mama Rauhia: Mimi nimo humu ndani. Jana nimechoma ufunguo kwenye kichwa cha boriti pale karibu na choo, ukazama nusu. Na ni pale pale tulipopiga plasta ya saruji. Ukiigonga inalia tupu, pembeni imetoka chumvi nyeupe.

Ami Suleiman (Muscat): Ndiyo kazi ya saruji hiyo. Jiwe la matumbawe na chokaa hunywa maji kisha huyatoa. Ukilifunga kwa saruji, maji hubaki ndani, boriti ikaoza hamuioni. Plasta irudi ya chokaa. Tena warithi tuko 7, ukuta huo si wako peke yako.

Nassor: Sawa, ila masika yanakuja, na kibali sijui kitatoka lini.

Shangazi Zuwena: Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la kale pale Forodhani, sehemu yake ilianguka Disemba 2020, wakati ukarabati ukiendelea na mafundi wamo ndani. Watu 2 walikufa. Sasa wewe na nyundo na rafiki zako! Mie faini siiogopi mwanangu, naogopa kukuzika.

Nassor: Nimekufahamu shangazi. Nifanye nini basi?

Shangazi Zuwena: Usivunje kitu. Pima vyumba, piga picha kila ukuta, andika unalotaka kufanya. Jumatatu asubuhi tunakwenda pamoja kuuliza. Leo hii boriti ile mbovu itieni mirunda, na watoto wasipite chini yake.

Ami Suleiman (Muscat): Hela ya chokaa na boriti mpya natuma mie. Mlango wa nakshi usiguswe kabisa.

Mama Rauhia: Saruji ataichukua kaka, anajenga Fuoni.

Nassor: Wenzangu nishawaambia Jumamosi hakuna. Hati ya nyumba iko wapi?

Mama Rauhia: Kwenye kasha la bibi, chini ya kanga zake. Ufunguo ninao, ndio ule niliochomea boriti.