Eti "wanasikiliza friji"! Nimevumilia mengi kwa huyu bwana, lakini hili la leo limenishinda

Mtega Sikio (mleta mada):

Wakuu, nawasalimu, ingawa salamu zenyewe zinatoka kwenye kifua kilichojaa. Nimetoka sasa hivi kuwasindikiza wageni, vikombe bado viko mkekani, na nimeona niandike kabla hasira haijapoa, kwa maana najifahamu: ikishapoa nitaanza kumtetea kama nilivyomtetea mara zote zilizopita.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja, wala msinitumie ujumbe wa faragha kuniuliza ni nani, kwa kuwa ni yuleyule wa viatu vinavyolia, yuleyule ambaye kwenye kikao cha mwezi wa nne aliuliza kama muziki umeshaanza ilhali tulikuwa dakika ya 31.

Leo tulikuwa watu saba sebuleni kwangu Sinza, taa moja, simu zote ndani ya kapu, na zile spika mbili ambazo nikizieleza bei yake ndugu zangu wataitisha kikao cha ukoo. Tulikuwa tunaisikiliza Peel, albamu ya mwaka 2020 ya KMRU, kijana wa Nairobi ambaye jina lake ni Joseph Kamaru, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mkongwe aliyeimba kwa Kikuyu. Wanaoifahamu wanajua kwamba hakuna ngoma wala mashairi. Ni sauti za mazingira zilizonaswa, zikanyooshwa na kutandazwa hadi huwezi tena kusema hili ni gari, hii ni mvua, na kibao cha mwisho peke yake kinapita dakika 20. Muziki wa ambienti wa namna hii hausikilizwi huku mtu anatafuna. Yeye alikuwa anatafuna. Alikuja na karanga za kukaanga, akazimenya mojamoja, polepole, akiamini kwamba kumenya polepole ndiyo kumenya kimya, kisha akayapuliza yale maganda mekundu yakatua juu ya spika ya kushoto.

Nikameza. Simu yake hakuiweka kapuni kwa sababu, alisema, alikuwa anasubiri fundi bomba. Nikameza tena. Ikaita. Akaipokea palepale alipoketi, kwa sauti ya utingo anayetafuta abiria wa mwisho, na akasema, nanukuu bila kuongeza wala kupunguza: "Nipo hapa kwa watu fulani, wanasikiliza friji."

Wanasikiliza friji.

Naomba mlitafakari neno hilo. Na hao "watu fulani" ni akina nani, ikiwa mtu huyu amekula pilau yangu tangu mwaka 2019 na sahani yake naijua kwa ufa wake? Nimetukanwa na wengi. Mama mwenye nyumba aliwahi kuniuliza kama kuna mtu anakoroma ndani. Shemeji yangu huniita Fundi Redio. Hakuna kilichoniingia kama hili. Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayetoa anwani.

Ningekuwa mtu wa kubishana ningemwambia kwamba Luigi Russolo aliandika tangu mwaka 1913, kule Italia, kuhusu sanaa ya kelele, akaunda na masanduku ya kuzitoa. Ningemwambia pia kwamba mambo haya si ya kuazima Ulaya tu, kwa kuwa mwaka 1944 mtunzi Halim El-Dabh alichukua kinasa sauti cha waya jijini Cairo, akanasa uimbaji wa zari, ambao sisi tungeuita kupunga pepo, akazipitisha sauti zile kwenye chumba cha mwangwi hadi maneno yakayeyuka, miaka minne kabla Mfaransa Pierre Schaeffer hajazifanyia kazi sauti zake za treni jijini Paris. Lakini sikubishana. Nilibaki mdomo wazi kama mtu aliyezabwa kofi na mkwewe msibani. Wageni wakacheka! Wawili wakacheka hadi wakashika mkeka.

Friji! Naomba kuwasilisha.

Kinanda Kibovu:

Pole sana, mkuu. Kabla hatujamhukumu mtuhumiwa, ningependa kufahamu kama friji hilo ni la mlango mmoja au miwili, kwa sababu la milango miwili huwa na besi iliyoshiba zaidi. Halafu kuna jambo umelipita kwa haraka: jina la albamu yenyewe, likiletwa kwa Kiswahili, ni kumenya. Mgeni wako alifuata maelekezo.

Jirani wa Juu:

Mleta mada ashukuru Mungu kwamba yake ilikuwa ambienti. Mimi ni msikilizaji wa muziki wa kelele, na siku niliyoiweka Merzbow kwa mara ya kwanza katika nyumba hii ya kupanga, yaani yule Masami Akita wa Tokyo aliyetoa boksi zima la CD 50 mwaka 2000, jirani alinijia mlangoni na ndoo ya mchanga akidhani transfoma imeshika moto. Nilimfungulia, akaniona nimekaa kwenye kiti na chai mkononi, ndani kukiunguruma vilevile. Hakusema neno. Alishuka na ndoo yake, na tangu siku hiyo watoto wake wakiniona hubadili njia. Huyo wa friji angalau alikaa hadi mwisho.

Shahidi wa Mkekani:

Nimefikiri sana kama niandike, kwa kuwa nilikula chakula cha mwenyeji, lakini haki ya mtu haipotei hivihivi. Mimi ni mmoja wa wale saba. Nilikaa karibu kabisa na mlango wa jikoni, na napenda jukwaa lifahamu kwamba simu ile ilipoita, albamu ilikuwa imekwisha. Ilikuwa imekwisha kwa dakika nne hivi. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimeshazimika. Kilichokuwa kinasikika, na ambacho sote tulikuwa tumekiinamia vichwa, kilikuwa ni friji.

Niliendelea kukaa kimya kwa sababu mwenyeji alikuwa amefumba macho na mkono wake ulikuwa kifuani. Baadaye, kompresa ilipokata na friji likajitikisa kwa ule mtikiso wa majokofu ya zamani, chupa zikagongana, mwenyeji alifumbua macho akatuuliza: "Mmesikia alivyomalizia?" Wale wawili walichekea hapo. Hawakuchekea kwenye simu.

Kinanda Kibovu:

Naomba uzi huu usifutwe kwa kisingizio chochote.

Mtega Sikio (mleta mada):

Naona kuna watu wameamua kuipotosha hoja. Kwanza, dakika nne ni uongo, labda mbili. Pili, nani aliyewaambia kwamba albamu ikiisha usikilizaji nao umekwisha? Mwaka 1952, kule Woodstock katika jimbo la New York, David Tudor alikaa mbele ya piano kwa dakika nne na sekunde 33 bila kupiga hata sauti moja, kwa sababu ndivyo John Cage alivyotunga, na waliohudhuria walisikia upepo, matone ya mvua juu ya paa, na wao wenyewe wakinung'unika. Mwaka 1975 Lou Reed alitoa santuri mbili za magitaa yanayolia yenyewe kwa zaidi ya saa nzima, na mfereji wa mwisho wa upande wa nne ulifungwa kwenye duara, kwa hiyo muziki hauishi mpaka mtu anyanyuke akaiondoe sindano. Wanunuzi waliirudisha madukani, lakini kuna sisi tulioielewa.

Kwa hiyo hata kama lilikuwa friji, na sikubali kwamba lilikuwa friji, ulikuwa muziki. Kosa lake liko kwenye namna alivyolitamka. Angeweza kusema "wanasikiliza" akaishia hapo. Akaongeza "friji", tena kwa fundi bomba, mtu ambaye sijawahi hata kukutana naye na ambaye sasa ana picha yangu kichwani.

Bibi wa Ukimya:

Mwanangu, nakuonea huruma, ila umejifunga mwenyewe. Brian Eno alipoitoa albamu yake ya viwanja vya ndege mwaka 1978, aliandika kwenye jalada kwamba muziki wa ambienti unapaswa kupuuzika kwa kiasi kilekile unachovutia. Na kabla yake kulikuwa na Erik Satie, aliyetunga alichokiita muziki wa fanicha. Ulipopigwa Paris mwaka 1920 wakati wa mapumziko, watu walinyamaza kwa heshima ili wausikilize, naye Satie akawa anazunguka ukumbini akiwasihi waendelee kuzungumza na kutembea. Kwa mizani hiyo, katika sebule yako aliyeusikiliza muziki kama waasisi walivyotaka ni mmoja tu, mwenye karanga.

Mtoto wa Mburahati:

Nyinyi mnalilia friji. Sisi tumeitwa kelele tangu siku ya kwanza. Singeli inayotoka mtaani kwetu, yenye mapigo yanayopita 200 kwa dakika, shangazi zetu waliifukuza uani pamoja na vigodoro vyake, wakisema inaharibu watoto. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikaikusanya kwenye albamu iliyobeba jina la studio ya Sisso, na leo kuna wataalamu wa Ulaya wanaoiita muziki wa majaribio na kuicheza mahali ambapo kiingilio chake ni kodi ya chumba changu. Halafu mtu wa Sinza, mwenye spika za kuitishiwa kikao cha ukoo, ananifundisha kutega sikio, na siku nilipomletea singeli kikaoni aliniambia, mbele za watu, kwamba "haina nafasi ya kupumua". Mleta mada, unakumbuka? Mimi nilimeza.

Mtega Sikio (mleta mada):

Nilisema haina nafasi ya kupumua kwa maana ya sifa.

Mtoto wa Mburahati:

Uliipunguza sauti ulipokuwa unasifu.

Mama wa Kanda:

Wanangu, kama leo ni siku ya kutoa ya moyoni, niruhusuni na mimi nitoe langu, kwa kuwa limenikaa miezi mitatu na sijapata watu wa kulielewa. Nilikuwa na kanda moja niliyoirekodi mwenyewe kwa redio kaseti nyumbani kwa mama yangu Tanga, miaka mingi iliyopita, mvua ikinyesha juu ya mabati. Upande mzima, dakika 45 za mvua, na mvumo wa kanda yenyewe chini yake. Kuna kazi maarufu ya William Basinski, Mmarekani aliyekuwa akihamisha kanda zake za zamani mwaka 2001, chembe za sumaku zikawa zinabanduka jinsi kanda inavyozunguka na muziki ukafa kidogokidogo huku akiurekodi. Nilipousikia nilishtuka, nikasema kanda yangu nayo itapukutika, nikaipeleka kwa fundi aihamishie kwenye kompyuta.

Fundi akaisafisha. Alidhani mvua ile ni uchafu. Alinirudishia faili akiwa anatabasamu, akanieleza kwamba kazi ilikuwa ngumu, kwamba mkwaruzo ulikuwa mwingi tangu mwanzo hadi mwisho, lakini kwa uzoefu wake ameutoa wote. Na akatoza zaidi kwa ajili hiyo.

Jirani wa Juu:

Mama, na kanda yenyewe iko wapi? Kama anayo, ipelekwe kwa mtu mwingine leo hii, aihamishe bila kugusa kitu.

Mama wa Kanda:

Alinirudishia gamba lake. Utepe ulikatikia ndani ya mashine yake wakati wa kurudisha nyuma, na hilo ndilo alilolitaja mwisho kabisa, nikiwa nimeshalipa.

Shahidi wa Mkekani:

Nilikuwa nacheka tangu nianze kusoma uzi huu, sasa nimeacha. Fundi wa aina hiyo namjua mmoja. Alinitolea pumzi zote kwenye rekodi ya babu yangu akisoma kaswida, na mzee sasa anasikika kama tangazo la kituo cha treni.

Mtega Sikio (mleta mada):

Wakuu, nawapa pole wote, lakini naomba turejee kwenye hoja ya msingi, yaani matamshi yaliyotolewa leo sebuleni kwangu mbele ya wageni.

Bibi wa Ukimya:

Mama wa Kanda, katika hiyo faili hakikubaki kitu chochote?

Mama wa Kanda:

Kimebaki kidogo. Programu yake iliacha kila ilichokidhani ni sauti ya kiumbe. Ni kimya kirefu, kimya kile cha ndani ya mtungi, halafu jogoo anawika mara tatu kama aliyefungiwa chumbani. Dakika ya 17 mama ananiita nikaanue nguo.

Jirani wa Juu:

Ukiridhia, naomba unitumie. Nitaisikiliza yote, pamoja na kimya chake.